Upande wa Kushoto wa Baba

Magome mabichi yana harufu yake, na mtu ambaye hakukulia mgodini huipita bila kuijali. Majuzi jirani yangu aliletewa miti ya kujengea banda la ng'ombe, na vijana wake wakakaa kivulini wakiibambua magome kwa panga. Nilikuwa nimejilaza ndani. Harufu ile ilipoingia dirishani, yenye utamu kidogo na uchachu kidogo, niliinuka nikakaa kitandani, nikamkumbuka baba akirudi kutoka kazini na vipande vya magome kwenye nywele.

Baba alikuwa fundi wa nguzo katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, katika miaka ile iliyofuata vita kuu ya pili. Kazi yake ilikuwa kuteremka shimoni na kusimamisha nguzo za miti chini ya boriti, ili mwamba usiwashukie wachimbaji. Hakuwa Msukuma. Wazee wake walitoka Manyema wakaweka maskani Tabora, Waislamu wa mjini, naye alifuata kazi hadi akafika huko na kumwoa mama yangu, Msukuma wa upande wa Shinyanga. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kisukuma kilimtoka mama akiwa na hasira au akiwa na furaha kubwa, na sisi watoto tulilazimika kusubiri kidogo kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

"Nguzo haivunjiki kama kikombe," baba alikuwa akiniambia. "Inalia kwanza. Inalia kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani. Ukiisikia, unajua ni ipi, unawatoa watu, unapigilia kabari. Usipoisikia, basi."

Alisema hivyo bila kujisifu, lakini mimi nilijisifu kwa niaba yake. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu anazungumza na miti.

Kila asubuhi baba alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, nami nilimpelekea birika la maji ya kunawa. Nilitoka mlangoni, nikasimama ubavuni kwake upande wa kushoto, nikasema, "Shikamoo baba." Naye akajibu, "Marahaba, Hamisi. Umeamkaje?" bila kugeuka, macho yake yakiwa kwenye vilima. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima mara nyingi, kwa sababu alirudi amechoka. Sikuona kwamba ni machache. Yalitosha.

Miongoni mwa vyombo vyake, baba alikuwa na pima maji ya mbao, ya kupimia usawa, yenye kiglasi katikati, na ndani ya kiglasi tone la hewa lililocheza huku na huku. Watoto wa kambi waliamini kwamba tone lile ni jicho la samaki. Siku moja niliichukua kwa siri ili niwaonyeshe. Ikaniponyoka, ikaangukia jiwe, kiglasi kikapasuka na maji yakatoka. Hapakuwa na samaki. Niliifunga kwenye kitambaa chake kama nilivyoikuta, nikairudisha sandukuni, nikalala na njaa ya kujitakia.

Asubuhi yake nilisimama mahali pangu nikasema, "Shikamoo baba."

Baba hakujibu. Alinawa uso, akakohoa, akainuka akaenda kazini.

Siku iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Siku nyingine alijibu, na nyingine tena akanyamaza, na kunyamaza kukawa kwingi kuliko kujibu. Mtoto mwenye kosa hahitaji ushahidi mrefu. Nilijua amelifungua sanduku, ameona, na ameamua kuniadhibu kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtoto yeyote pale kambini. Wenzangu walichapwa. Mimi nilinyimwa marahaba.

Kisha nikamsikia mama. Alikuwa akitwanga na jirani, nami niko nyuma ya nyumba.

"Baba Hamisi siku hizi mbona ananipita kama hanijui?" jirani aliuliza. "Nimemwita jana kisimani, hata shingo hakugeuza."

"Ana fundo," mama akasema. "Ndiyo maana haitikii."

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba baba alikuwa amekwenda zahanati ya kambi, na mpakaji dawa wa pale alikuwa amechungulia sikio lake la kushoto akasema huenda kuna fundo la nta limeziba. Mama alikuwa anazungumzia nta. Lakini mimi sikusikia nta wala sikio. Nilisikia fundo, na fundo nililolijua ni lile la moyoni, chuki ambayo mtu anaifunga asiitoe. Basi ilikuwa kweli. Baba ana fundo na mimi.

Nilikuwa mtoto mkaidi. Sikulia, wala sikuenda kuomba radhi, jambo ambalo lingemaliza kila kitu. Nilijiambia kwamba asiyeitika haamkiwi. Kesho yake nikaweka birika chini, nikarudi ndani kimya.

Siku ileile, au iliyofuata, baba alihamisha kigoda chake. Alikichukua kutoka upande mmoja wa mlango akakiweka upande wa pili, na kuanzia hapo nikitoka na birika nilikuwa upande wake wa kulia. Nililitazama jambo hilo nikalitafsiri kwa akili yangu: sasa hataki hata nisimame mahali pangu pa zamani. Nikakaza kamba. Niliweka birika na kuondoka, asubuhi baada ya asubuhi, na yeye alibaki ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mvua kama imeanza. Kichwa kile kilichoinama ninakiona hadi leo, na ninajua sasa kilikuwa kinasubiri nini.

Wakati huo mwili wake ulikuwa unabadilika. Akipita mlangoni aligonga mwimo wa kushoto kwa bega. Ilipofika jioni na mwanga kupungua alitembea akipapasa ukuta, na mchana alitembea na miguu imetanuka kama anavuka mto wenye mawe. Siku moja akiswali uani, alipoinuka kutoka kwenye sijda alikwenda upande, akaanguka juu ya ndoo. Aliinuka, akaanza upya rakaa ile tangu mwanzo. Alimwambia mama kwamba kuna kelele sikioni, nyembamba, haikatiki, kama mvuke wa birika lisiloipuliwa, na kwamba shavu la kushoto limekufa ganzi kiasi kwamba akinyoa hajui kama wembe umepita.

Kambini walikuwa na maelezo rahisi. Mtu anayeyumba ni mtu aliyekunywa. Watoto waliniuliza kama siku hizi pombe inauzwa msikitini. Nilipigana na mmoja wao, na nilipokuwa nampiga nilikuwa namwamini nusu.

Mama hakuamini. Alisema, "Miaka yote hii nimelala naye, ningejua harufu." Na alisema hivyo mbele ya watu, hivyo wanawake wakacheka na mada ikafa pale kisimani, ingawa kwingine iliendelea.

Kisha ikaja siku ya nguzo. Habari ile aliileta Masanja, mwenzake baba, Msukuma mrefu aliyeshindwa kulitamka jina la baba, Ramadhani, maisha yake yote. Aliingia uani na baba, wote wawili weupe kwa vumbi, akakaa chini bila kukaribishwa.

"Mama Hamisi, leo huyu Mmanyema alitaka kuniua."

"Kwa nini tena, shemeji?"

"Nguzo ililia. Hata mimi niliisikia, na mimi ni mtu wa koleo. Kila mtu akamtazama Fundi Lamazani atuambie ni ipi. Akaonyesha kulia. 'Tokeni huku, kimbilieni kule.' Tukakimbilia kule. Kumbe ndiyo kule kwenyewe." Alionyesha bega lake, shati limechanika na ngozi imechubuka. "Ningekuwa mnene kama watu wa Tabora, leo mngekula pilau ya matanga yangu."

Baba hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Niliisikia," alisema. "Niliisikia vizuri kabisa. Ila sikujua iko wapi. Sauti yote ilikuwa inatoka upande mmoja."

"Basi kesho utasikia vizuri," Masanja akasema.

"Kesho sishuki."

Masanja alidhani ni maneno ya mtu aliyeshtuka. Lakini asubuhi yake baba alivaa nguo za kazi, akaenda mpaka kwenye mdomo wa shimo, akasimama pale na kumwambia nyapara mbele ya zamu nzima kwamba hatashuka mpaka ajue kichwa chake kina nini, kwa sababu hawezi kusimamisha nguzo juu ya watu kama hajui nguzo ipi inalia. Masanja ndiye aliyetusimulia. Nyapara alimuuliza kama anaogopa au amelewa. Baba akajibu, "Ningekuwa mlevi ningeshuka."

Nyapara hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wa kupeleka chini na fundi mmoja pungufu. Alimpeleka kwa daktari wa mgodi. Daktari yule alimwekea saa karibu na masikio, moja baada ya jingine. La kushoto halikusikia. La kulia lilisikia. Wengi hapa wana masikio ya baruti, daktari alisema, na sikio moja linatosha kwa kazi. Baba akasema la kulia nalo linakufa.

"Umesikia saa," daktari akasema.

"Nimesikia saa. Lakini mwanangu akiniamkia asubuhi, simsikii tena. La kushoto lilianza hivyohivyo, sauti nyembamba ziliondoka kwanza. Nimegeuza kiti ili aniamkie upande wa kulia, na huko nako sisikii kitu."

Mtu anayesikia saa akasema hasikii mtoto, kwa daktari yule, alikuwa mtu anayetafuta mapumziko. Akaandikiwa kwamba ni mzima. Nyapara akaja nyumbani mwenyewe, akakataa chai, akasema kwa upole kwamba nyumba za kambi ni za wanaoshuka. Baba ana mpaka mwisho wa mwezi. Akishuka, mambo yamekwisha. Asiposhuka, tufunge vyombo.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilisikia yote isipokuwa lile la kiti na maamkizi, kwa kuwa baba hakulirudia pale nyumbani. Laiti angelirudia. Kitu pekee nilichokielewa ni kwamba baba hasadikiwi, na kwamba nyumba yetu inategemea asadikiwe.

Jioni ile mama alimwambia, "Shuka basi, Baba Hamisi. Shuka usimamishe nguzo kwa macho."

"Shimoni hakuna macho."

"Sasa tutakula nini?"

"Kuna hospitali ya misheni upande wa kwenu. Nitakwenda. Wakisema mimi ni mzima, nitashuka na nitawaomba radhi watu wote. Wakisema ni mgonjwa, nitajua ninaumwa nini. Lakini siui mtu kwa sababu ya nyumba."

Halafu akanigeukia. "Hamisi atakuja na mimi. Atatembea kushoto kwangu."

Hakuniuliza. Nami nilifungasha michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyotupa mama, nikaenda, kimya kama jiwe, nikiamini amenichukua ili anitelekeze kwa wajomba zangu Shinyanga.

Tulipanda lori la mizigo. Baba alikaa amekumbatia gunia, na kila lilipokata kona aliligandamiza kwa magoti yote mawili. Masumbwe tulishushwa jua likizama, tulale hapo tusubiri lori jingine la kwenda Isaka kwenye reli. Baba aliteremka, akapiga hatua kama tatu kwenye mwanga ule hafifu, akaenda kushoto mpaka mtaroni. Alianguka kwa kishindo. Wanaume waliokuwa wamekaa mbele ya duka walicheka.

"Mzee, pombe ya Geita ni kali, eti?"

"Mwacheni apumzike, kitanda chake hicho."

Sijui kilichonipata. Nilikuwa nimemnunia mtu yule kwa majuma mengi, na nilikuwa na uhakika ananichukia. Nilisimama kati yake na wao nikasema, "Baba yangu hanywi. Ni Mwislamu na hanywi. Kichwa chake ndicho kinaumwa, na tunakwenda kukiuliza."

Kicheko kilikwisha. Mmoja wao, mzee Msumbwa, alikuja akashika mkono mmoja na mimi mwingine, tukamtoa. Baba alifuta tope usoni. "Umesema nini?" aliniuliza. Nilinyamaza. Alikubali kunyamaza kwangu kama mtu anayekubali bei ambayo ameshaizoea, na nilidhani ameudhika.

Hospitali ile ya misheni ilikuwa na daktari mmoja Mzungu, mzee, mwenye Kiswahili cha kusomea Biblia, na muuguzi mmoja wa Kisukuma, mama mtu mzima aliyemsahihisha bila woga. Tulimwamkia mama yule sote. Tuliingizwa pamoja kwa sababu baba alikataa kuniacha nje. Alisema mimi ndiye sikio lake.

Daktari hakuanza na masikio. Alimwambia baba asimame, miguu pamoja, afumbe macho. Baba alifumba, na papo hapo akaelekea kushoto kama mti uliokatwa. Muuguzi akamdaka. Daktari akamgusa mbonini mwa jicho kwa kinyuzi cha pamba. Jicho la kulia likapepesa, la kushoto likabaki wazi kama dirisha. Akapiga chuma chenye meno mawili, kikalia, akakiweka katikati ya paji la uso. "Inalia wapi?" Baba akaonyesha kulia. Akamziba sikio na kumnong'oneza kwenye jingine, na la kulia lilirudia kila neno.

Kisha akachukua maji baridi. Alimlaza baba, akamwingizia maji kidogo sikio la kulia. Baba akashika kitanda kwa mikono yote miwili. Macho yake yalianza kucheza, yakikimbia upande na kurudi, yakikimbia na kurudi, na alisema chumba kinazunguka. Walisubiri mpaka akatulia. Wakamwingizia sikio la kushoto.

Hakuna kilichotokea. Maji yaliingia na kutoka, na baba akalala pale anatazama dari.

"Kama unamwagia chungu," muuguzi alisema taratibu.

Daktari alikaa. Alionekana amejua jambo na bado kuna kitu kinamkwaza. "Sikio la kulia ni zima," alisema. "Zima kabisa. La kushoto limekufa, na usawa wake umekufa nao. Lakini wewe umesema yote mawili. Kama yote mawili yanakufa, ni ugonjwa mwingine. Kwa nini unasema la kulia linakufa?"

Baba akamweleza habari ya kigoda. Aliieleza polepole, kwa aibu, kama mtu anayeona anasimulia jambo dogo mbele ya mtu mkubwa. Jinsi mwanawe alivyokuwa akimwamkia kila asubuhi. Jinsi sauti ile ilivyoanza kupotea upande wa kushoto. Jinsi alivyogeuza kiti. Jinsi anavyoinamisha kichwa kila siku, na mtoto anakuja, anaona miguu yake, anaona birika linawekwa, na sauti haipo.

"Midomo yake huioni ikitikisika?" muuguzi akauliza.

"Siangalii midomo. Mtu hamtazami mtoto mdomoni akimwamkia. Unaitikia tu."

Muuguzi alinigeukia. Hakuwa na ukali. "Wewe kijana. Asubuhi unamwamkia baba yako kwa sauti gani?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa na umri wa kuelewa kwamba watu watatu wanasubiri neno langu, na kwamba baba ameletwa hapa na neno nisilolisema.

"Simwamkii," nikasema.

"Nini?"

"Niliacha. Tangu zamani. Kwa sababu ana fundo na mimi. Nilivunja pima maji yake akaacha kuniitikia, na mama alisema ana fundo, nami nikaacha."

Muuguzi alimfasiria daktari, na ilimchukua muda, kwa sababu alianza kucheka katikati kisha akajizuia. Baba alikuwa ameketi kitandani. Alinigeuzia kichwa, upande wa kulia.

"Hebu sema," aliniambia.

"Shikamoo baba." Ilitoka kama mluzi mbovu.

"Marahaba," akajibu. "Nimesikia. Daktari, nimesikia." Kisha akaniambia, "Pima maji ile nimeikuta imekauka, nikadhani mama yako ameipanga vibaya. Nilinunua nyingine. Kwa kiglasi tu, Hamisi?"

Hakunikemea zaidi ya hapo, wala hakunikumbatia. Wanaume wa zamani hawakukumbatia watoto wakubwa mbele ya Wazungu. Lakini aliniambia nikae kitandani karibu naye, upande wa kulia, na daktari akatueleza sote.

Alisema kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo kuna mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi, na uzi huo una nyuzi mbili ndani yake. Mmoja unabeba sauti. Mwingine unabeba habari ya kusimama, wapi juu na wapi chini. Kwenye ganda la uzi ule wa kushoto, aliamini, kumeota kiuvimbe. Si saratani. Hakisambai mwilini, hakitoki hapo kwenda kwingine. Kinakua polepole, kwa miaka, na kinapokua kinaubana uzi, na sasa kimegusa na mshipa wa uso. Hawezi kukiona kwa sababu kiko ndani ya mfupa, lakini maji yale baridi yamemwambia mengi.

"Baruti?" baba akauliza.

"Hapana. Baruti ingepiga pande zote mbili. Ndiyo sababu niliuliza sana."

"Mtu kanifanyia?"

"Hapana."

Baba alifikiri. "Kama nundu kwenye mti," alisema. "Mti mzima, mbao nzuri, ila mahali pamoja umeota fundo."

Muuguzi akalifasiri, na daktari akasema ndiyo, fundo, hasa. Nilisikia neno lile likisemwa juu ya baba kwa mara ya pili, na safari hii lilikuwa limekaa mahali pake.

"Linakatwa?"

Daktari hakumdanganya. Kwa hapa, hakuna mwenye vyombo. Kwingine wanakata, na wengi wanafia mezani, na wanaopona mara nyingi uso hubaki umelegea. Kwa kuwa kinakwenda polepole, ushauri wake ni aishi nacho. Asipande juu, asiogelee, asitembee gizani bila taa na mtu. Na shimoni asirudi tena maisha yake. Lakini kusimama kunaweza kufundishwa upya: macho na nyayo zinaweza kujifunza kazi ambayo sikio limeiacha, kama mtu atazilazimisha.

"Nitazilazimisha," baba akasema.

Tulirudi kwa njia ileile. Nyapara alisikiliza habari ya uzi na kiuvimbe kwa uso wa mtu anayesikiliza mahubiri ya dini nyingine. Basi baba akamwomba jambo moja, pale kwenye uwanja wa miti, zamu ikitazama. Alimwomba amfunge macho kwa kitambaa, kisha watu wawili wasimame popote na wagonge magogo, naye aonyeshe linalolia. Masanja aligonga nyuma yake kushoto. Baba akaonyesha kulia. Wakagonga mbele. Akaonyesha kulia. Wakagonga tena na tena, na kidole cha baba hakikutoka kulia hata mara moja. Mwisho aliacha kuonyesha, akaanza kuyumba, na nyapara mwenyewe ndiye aliyemshika na kufungua kitambaa. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kusimama chini ya nguzo zake.

"Unataka nini?" nyapara akauliza.

"Nipe uwanja huu wa juu. Nichague miti. Mti mbaya usishuke."

Akapewa kwa kujaribiwa. Kila alasiri baada ya kazi alilaza gogo chini, akatembea juu yake, mimi upande wa kushoto. Alianguka. Nilikuwa simshiki mpaka aanguke, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Alianguka msimu mzima wa kiangazi, akapanda tena, akiutukana mti ule kwa Kimanyema ambacho sikujua anakijua. Mvua zilipofika alikuwa anafika mwisho wa gogo na kugeuka.

Aliishi na kiuvimbe kile mpaka mimi nikamaliza sekondari. Uso wake ulilegea upande mmoja, na mwisho kichwa kilimuuma sana. Nilipokuwa shuleni niliandika barua chache kuliko nilivyoweza. Huo nao ni ukimya, na huu sikuwa na utoto wa kuusingizia.

Lakini ninapenda kumkumbuka siku moja ya mwanzo wa kazi yake ile mpya. Lori limeshusha miti, nyapara ana haraka, vijana wameshaliinua gogo moja nene, zuri kwa macho. Baba akasema walishushe. Akaligonga kwa nyuma ya shoka, akainama, akalibandika sikio la kulia.

"Hili halishuki."

"Fundi, mti huu mzima," nyapara akasema. "Tazama ulivyonyooka."

"Umeoza moyo. Ukigongwa haujibu."

Nyapara alilipiga teke gogo lile. Alimtazama baba, akatazama mdomo wa shimo ambako watu walikuwa wanasubiri.

"Wekeni pembeni," akawaambia vijana. "Leteni mwingine."